Pikipiki Ndefu Kuliko Miguu Yangu

Ndugu yangu, uko hewani? Naandika haraka, nivumilie.

Tulikwenda na mama watoto kuchagua ile pikipiki ya lami na matope, ya mjini na shambani. Muuzaji akaishikilia tukapanda, tuijaribu uani. Akatusukuma, hao tukaondoka!

Kumbe kiti kiko juu kama dari. Miguu haifiki chini. HAIFIKI! Kwenda naweza, kusimama siwezi. Nikisimama tunaanguka, na mama watoto yuko nyuma na goti lake bovu.

Nikazunguka ua. Nikazunguka tena. Jasho mpaka kwenye kope. Yeye kanikumbatia, anacheka: “Baba, leo umerudi ujanani!” Ujana gani? Roho iko mkononi!

Nikampigia muuzaji kelele: “Shika! Shika!” Akanipungia mkono. Alidhani nafurahi!

Mwisho nikalenga rundo la matairi makuukuu, tukajiegemeza pale, puu! Hatukuumia.

Mama watoto kashuka, kapangusa gauni, kamwambia muuzaji: “Tunachukua hii hii. Sijawahi kumwona mzee huyu akiwa hana haraka ya kushuka.”

Muuzaji kaileta mpaka mlangoni kwetu. Sasa mama watoto anajifunga kilemba, anataka twende shambani leo leo.

Nimejifungia chooni. Anagonga. Njoo, tafadhali!