Sauti ya Mama Iliyokuwa kwenye Kompyuta

Handeni

Dada Mwanaidi, shikamoo.

Anayekuandikia ndiye yule ambaye bila vidole vyake Handeni nzima haitoki barua. Wakubwa wa serikali wanakaa benchi wakinisubiri nimalize chai. Mwili ni mzima, ila umuhimu unachosha. Nanyi mmeamkaje huko Vugiri na baridi hiyo? Goti lako linasemaje?

Dada, habari niliyonayo si nzuri. Ni ile sauti ya marehemu mama.

Unakumbuka alipokuja hospitali huku, nikamkalisha mbele ya kompyuta ya duka hili ninakopigia watu chapa, akatamka kwa Kishambaa chake maneno ya kumbariki Rehema wako, ayasikie siku ya harusi hata kama bibi hayupo. Akakohoa, akacheka, akauliza, "Hiki kidude kinanisikia kweli?" Yote yaliingia.

Sasa mashine ile tuliinunua ikiwa na maprogramu yake ndani, wala hatukuyaomba: michezo ya karata, na mengine yanajitokeza kila asubuhi yakidai tuyanunue. Ikawa nzito. Mama Salehe, mwenye duka, akasema, "Mjomba, si unajisifu? Yatoe basi." Nikayatoa kama tunavyopalilia mahindi: nisilolijua, gugu. Nikang'oa, nikang'oa, mpaka kioo kikawa cheusi na mashine ikagoma kuwaka.

Nikaipakata kwenye basi mpaka Korogwe kwa fundi. Akaigeuza geuza. "Mzee, hii naifuta yote, naanza upya. Vitu vyako umeshavihamishia kwenye CD?"

"Fundi, unajua unaongea na nani? Zamani!"

Akafuta.

Imerudi inang'aa. Karata zimerudi, yale ya kudai yamerudi, halikukosekana hata moja. Mama hayumo. Siku tatu nimetafuta, vya kusikilizia vimo masikioni, nasikia mvumo tu.

Rehema usimwambie. Nitapanda mwenyewe kabla ya harusi nimwambie uso kwa uso. Nisalimie shemeji, na shangazi aliyemuuguza mama.

Kwa fundi pale, dada, walikuwepo walimu wawili wa kike wanasubiri, na nilikuwa nimeshawaambia kwamba kompyuta nimezisomea Nairobi. Ndiyo maana sikuuliza. Kuhamishia kitu kwenye CD sijui kunafanywaje. Mpaka leo sijui.

Mdogo wako,
Abdi