Mawe Tuliyopikia Njiani Kwenda Kondoa

Mpendwa Shangazi,

Viatu vyako vya safari bado viko chini ya kitanda chako kule Nzuguni, na vumbi jekundu la Kondoa limeng'ang'ania kwenye nyuzi zake. Mama alitaka kuviosha, nikamwomba aviache. Hakuniuliza sababu, nami sikumwambia. Unanijua mimi na maneno. Ndiyo maana nakuandikia, maana hata pale kaburini kwako, nikiwa peke yangu kabisa, naona aibu kusema kwa sauti.

Jumamosi iliyopita nilisema mbele ya Babu jambo ambalo wewe ulilificha. Nataka ulisikie kutoka kwangu.

Nilikuwa na wiki mbili tu tangu nimalize kidato cha sita uliponiambia, "Nina likizo ya siku ishirini na nane na miguu miwili mizima. Twende Kondoa, tutembee." Wenzako wa zahanati walikuwa wanakwenda Dar kuona wajukuu na kununua vitenge. Jirani yako alipokuona unafunga sufuria ndogo kwenye begi alicheka mpaka akashika ukuta. "Nesi, kama nauli imekushinda si useme tukuchangie!" Nawe ukamjibu, "Changa tu, nitanunulia soksi."

Lakini nyumbani wote tulijua unakwenda kutafuta nini. Babu yake Babu, Ndahani, alichukuliwa na Wajerumani kule Buigiri ili abebe mizigo kutoka kwenye reli ya Dodoma kwenda vitani Kondoa, walikokuwa wakipigana na jeshi la Waingereza. Hakurudi. Mwanawe, yaani baba yake Babu, alikua akiambiwa kila mwaka kwamba baba atarudi mavuno yakiisha, na inasemekana hata alipokuwa mzee mwenye mvi alikuwa bado akitoka nje jioni za mavuno kutazama njia. Kwenye makaburi ya ukoo wameacha nafasi ya mtu mmoja, na watoto tulikatazwa kuikanyaga. Babu alikuambia, nami nikiwa nimekaa mlangoni nachambua kunde: "Nileteeni udongo wa pale alipolala. Nimzike, halafu na mimi nitapumzika."

Tulianza na makaburi ya askari pale Dodoma mjini. Nimezaliwa Ipagala, nimepita karibu na pale miaka yote, na sikuwahi kuingia. Mawe yamepangwa sawasawa kama wanafunzi kwenye paredi, na kila jiwe lina jina. Niliona la mtu aliyekufa akiwa na umri kama wangu, nikasimama pale muda mrefu nisijue mikono niiweke wapi. Wewe ulipita mstari hadi mstari ukisoma kwa sauti ndogo. Ulipofika mwisho ulisema, "Wapagazi hawapo hapa." Hukuwa na hasira. Ulisema kama unavyomwambia mgonjwa kwamba dawa imekwisha, arudi kesho.

Basi lilitushusha Haneti, na kuanzia hapo ikawa miguu. Shangazi, sikuwahi kukuambia jinsi nilivyoogopa ukubwa wa ile nchi. Nilikuwa nimeiona kupitia dirisha la basi, nikidhani ninaijua. Kumbe kwenye basi kilima kinakuja kinapita. Kwa miguu unakiona asubuhi, unakiendea mchana kutwa, na jioni bado kinakutazama palepale. Uwele ulikuwa umeshavunwa na mabua yamesimama makavu, upepo wa Juni ukipita ndani yake kama watu wengi wanaonong'ona. Uliniambia, "Waza umebeba sanduku la risasi kichwani, na nyuma yako kuna mtu mwenye kiboko." Nilijaribu kuwaza. Begi langu lilikuwa na kanga mbili na unga kilo tatu, na mabega yalikuwa yanawaka moto.

Kila kijiji ulinipeleka kwanza kwa mwenyekiti kusaini daftari la wageni. Yule wa siku ya pili nadhani atatukumbuka mpaka uzeeni. Alikuta tumeacha wazi ile sehemu ya sababu ya safari.

"Hapa niandike nini, mama?"

"Andika tunatembea."

"Mnatembea kwenda wapi?"

"Kondoa."

"Basi si mpande basi? Linapita saa nane."

"Tunamtafuta mzee wetu huku njiani."

Akashika kalamu vizuri. "Amepotea lini?"

"Wakati wa Mjerumani."

Aliweka kalamu chini, akakutazama wewe, akanitazama mimi, halafu akamwita mkewe. "Mama Asha, hebu leta uji. Hawa wametoka mbali." Tulicheka njiani mpaka mbavu zikauma. Lakini ulipoacha kucheka uliniambia ulichokiona ameandika kwenye daftari ulipokuwa unasaini: *Kumtafuta mzee wao.* Ukafuta macho kwa ncha ya kanga, ukasingizia vumbi.

Sasa siku ya nne. Ulikuwa mchana, tumeacha lami na kushika njia ya zamani upande wa Kelema, jua kali, tumbo tupu. Palikuwa na rundo la mawe kando ya njia, kama kichuguu, kirefu kunizidi mimi. Ulisema, "Hapa pana kivuli. Tafuta mafiga, mimi nikusanye kuni." Nikachukua mawe matatu pale kwenye kichuguu, yale ya juu, yaliyolingana.

Hili sikukuambia wakati ule. Juu ya lile jiwe la kwanza palikuwa na tawi la majani mabichi. Msimu ule kila kitu kimekauka, na hili lilikuwa bichi, limewekwa asubuhi ileile. Nililiona. Nikajiuliza ni nani ameliweka, na kwa nini. Halafu nikalisogeza pembeni, nikachukua jiwe, kwa sababu kukuuliza kungekuwa maneno mengi. Ukasonga ugali, ukachemsha mlenda mkavu, tukala.

Ndipo akaja yule bibi na mbuzi zake. Bi Hadija, Mrangi, mtandio mweupe, fimbo mkononi. Alisimama akiutazama moto wetu. Ulimwamkia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Lakini salamu hazizimi huo moto." Akanyoosha fimbo kwenye mafiga. "Mmepikia ugali juu ya watu!"

Sijawahi kukuona umenywea namna ile. Wewe, ambaye madaktari wanakuogopa!

"Watu gani, mama?"

"Wabeba mizigo wa vita. Walianguka njia hii kwa njaa na kuhara, wakafunikwa hapa. Baba yangu alitufundisha, na yeye alifundishwa na baba yake: ukipita, weka jiwe. Huna jiwe, weka jani. Watu wanaweka, nyie mnachukua! Kwenu makaburini mnapika?"

Ulisema, "Nisamehe, mama. Ni kosa langu." Hukunitazama hata kidogo. Ulikubali kugombezwa na mtu mzima mbele yangu kwa mawe niliyoyachukua mimi, na mimi nilikuwa nimekaa pale na tonge mkononi, kimya.

Tulizima moto. Mawe yalikuwa bado yanachoma, tukayashika kwa kanga, tukayarudisha juu moja moja, meusi kwa masizi kati ya yale mekundu. Wewe ulitafuta jiwe jingine, ukaweka. Mimi pia. Ndipo nilipokitazama kile kichuguu vizuri. Shangazi, mawe yale ni mengi kiasi gani? Ni watu wangapi waliopita pale kwa zaidi ya miaka mia moja, wakienda sokoni, wakienda kuoa, wakichunga, wakainama kila mmoja kwa ajili ya mtu wasiyemjua hata jina? Nilitaka kupiga magoti, nikaona aibu mbele ya mbuzi.

Ulimuuliza Bi Hadija kama kuna anayejua majina yao. Alicheka, lakini kwa upole. "Nani angeandika jina la mbeba mizigo, mwanangu? Wagogo, Wanyamwezi, Warangi, mchanganyiko. Sisi tunajua walikuwa na njaa tu." Ukamweleza habari za Ndahani. Alisikiliza mpaka mwisho akiwa ameegemea fimbo. Akasema, "Huenda yupo. Huenda hayupo. Chukua udongo kidogo, ila uombe kwanza." Ukaomba kwa namna yetu ya kanisani, yeye akainua mikono akaomba kwa namna yao, na mbuzi wake wakala lile tawi la majani. Alimchapa mmoja fimbo bila kukatiza dua. Kisha ukachota udongo, ukautia kwenye kopo.

Siku ya tano tulipanda kwenye vilima vya Kondoa na kuona mahandaki ya ile vita. Nilitegemea mashimo makubwa ya kutisha. Kumbe ni mifereji ya kina cha goti, imejaa majani na mavi ya mbuzi, inapita mgongoni mwa kilima kama kovu la zamani. Chini yetu mji ulikuwa unaishi: adhana, mashine ya kusaga, mtu anamwita mtu. Uliingia ndani ya handaki moja ukakaa. Ulisema, "Huku juu askari walipewa bunduki na chakula. Yeye alileta vyote viwili." Nilikaa karibu yako. Nadhani sijawahi kuwa na furaha na huzuni kwa wakati mmoja namna ile, na sikujua kama inaruhusiwa.

Halafu Buigiri. Babu alikuwa amekaa kwenye kiti chake tangu asubuhi, amevaa koti. Ulimpa lile kopo la udongo kwa mikono miwili. Akalifungua, akanusa, akauliza, "Ni yeye?"

Nilikuwa nimesimama nyuma yako. Nilisubiri useme alivyosema Bi Hadija, kwamba huenda yupo, huenda hayupo. Ukasema, "Ni yeye, Baba."

Ulipogeuka tuligongana macho, ukatikisa kichwa kidogo sana. Nikanyamaza. Udongo ukazikwa, mchungaji akaja, akina bibi wakalia kilio ambacho kilikuwa kimengoja miaka yote ile. Babu alilala usingizi usiku ule, kila mtu alisema. Nilidhani ulifanya vizuri. Bado sijui kama nilikosea kudhani hivyo.

Wiki saba baadaye moyo wako ulisimama ukiwa unaanika nguo. Kuhusu hilo siwezi kuandika leo.

Jumamosi iliyopita ukoo ulikusanyika kujengea makaburi, lako na la Ndahani. Lako lilikwisha mapema. Kwenye lile la Ndahani fundi alisawazisha saruji, akachukua msumari. "Semeni niandike nini, inakauka hii." Baba Mkubwa akasema, "Andika: Hapa amelala Ndahani." Kisha akanigeukia, sijui kwa nini, labda kwa kuwa nimebaki mimi peke yangu niliyekwenda nawe. "Si ndiyo, binti? Ndipo mlipomkuta?"

Watu kama arobaini walinitazama. Babu alikuwa kwenye kiti chake. Shangazi, ningeweza kuitikia tu. Neno moja. Lakini niliwaza kwamba saruji haifutiki, na kwamba nikisema ndiyo, wale wengine wote chini ya yale mawe wanabaki bila mtu, na safari hii ni sisi tutakaokuwa tumewaacha.

Nikasema, "Hatukumkuta. Tulikuta kichuguu cha mawe. Wapagazi wengi wamelala pale, na hakuna anayejua ni akina nani. Shangazi alimpenda Babu ndiyo maana akasema vile."

Sauti ilitoka ndogo, mtu wa nyuma akauliza, "Kasema nini?" ikabidi nirudie yote. Baba Mkubwa akaanza, "Sasa wewe mtoto, maneno gani haya ya..." Babu akainua mkono.

Fundi alikuwa anaitazama saruji.

"Hao wengi," Babu akaniuliza, "ni wangapi?"

"Sijui, Babu. Mawe yananizidi kimo."

"Na wao walikuwa na watoto?"

"Nadhani, Babu."

Akaitikia kwa kichwa, taratibu, mara nyingi. Machozi yalikuwa yanashuka lakini uso wake haukubadilika. Nilidhani nimemuua. Kisha akamwambia fundi, "Andika: Ndahani na wenzake."

Fundi akauliza tarehe. Babu akasema hatuna. Akauliza aandike majina ya hao wenzake. Babu akasema, "Acha nafasi."

Nisamehe, Shangazi, kama nimekuumbua. Babu amesema mvua zikikatika nimpeleke Kondoa kwa gari, na pale kwenye njia ya zamani atashuka atembee mwenyewe, hata kama ni hatua kumi. Amenituma nimtafutie jiwe hapa Buigiri, la kubeba. Nimemletea matano mpaka sasa, na yote ameyakataa, anasema ni madogo.

Lala salama, Shangazi wangu. Asante kwa kunitembeza.

Binti wa kaka yako