Hoteli ya Kifaransa Nyuma ya Duka la Baiskeli

Jumamosi, 2 Agosti 1975

Upepo na vumbi tangu asubuhi. Mbeya hii! Iringa nako kuna baridi, lakini baridi ya kwetu ina adabu. Kazini tumefunga saa sita, vidole vimekufa ganzi kwa taipu. Sikutaka kurudi nyumbani Ilomba. Kule ni mume wangu Anania na gazeti lake, mimi na ugali wa yanga. Unga wa njano wa msaada, unanuka stoo.

Nikakata nyuma ya duka la baiskeli. Kumbe pana kibao: CHEZ NOUS. Meza nne, pazia la maua kwenye mlango wa jiko, hakuna mteja hata mmoja. Ofisini wanasema ni kwa Wafaransa, wanapika vyura. Mfaransa mwenyewe sikumwona! Kuna mzee wa Kiafrika, aproni nyeupe pee, na Roza, msichana wa kuhudumia.

Nimepewa supu ya vitunguu, juu yake mkate na jibini iliyoyeyuka. Halafu samaki wa mto Kiwira, amekaangwa kwa siagi. Nikala, nikalia. Kweli nimelia, juu ya sahani, kama mtoto. Sijui tangu lini mtu alinipikia. Mzee akatoka jikoni kuuliza kama chumvi imezidi.

Jumanne, 5 Agosti

Mama mkwe amefika kutoka Tukuyu. Miguu imevimba, atatibiwa hapa. Hata hajaketi sawasawa ameanza — nimempa maji kwa mkono mmoja, nimesimama mbele yake kama askari. Miaka sita ya ndoa, bado nafundishwa!

Amekumbushia tena lile la mzee Jailos. Huyu ni mdogo wa marehemu baba yake Anania, ndiye aliyemrithi mama. Mwaka juzi nilikutana naye njiani kijijini, sikukimbilia migombani. Nani alinieleza? Kwa Wanyakyusa mkamwana haonani na baba mkwe, wala ndugu za baba mkwe. Hali naye, hamgusi, hakai alipo. Kwetu Uheheni ningepiga magoti, nikasalimu kamwene, yakaisha. Hapa linasimuliwa mpaka leo, na wageni wanacheka. Anania naye anacheka.

Jumamosi, 9 Agosti

Nimerudi kwa yule mzee. Kuku kwa divai ya misheni! Ameketi nami mezani, akanionjesha mchuzi kwa kijiko chake mwenyewe.

Ni Mnyakyusa. Alikwenda Katanga kijana, akaosha vyombo kwenye hoteli ya Mfaransa mpaka akawa mpishi. Vita vikamtoa, akapitia Zambia. Kibao chake maana yake ni "kwetu". Nikamwambia, kwenu si Tukuyu, hapo tu? Mbona huendi? Akasema sufuria inaungua.

Anacheka vizuri, mpaka mabega yanacheka. Nyumbani kwangu watu wanacheka kwa kumcheka mtu.

Jumatano, 13 Agosti

Mama mkwe ameuliza Jumamosi nilishinda wapi. Kazini, nikasema. Anania hakuuliza. Ningelala nje asingeuliza.

Jumamosi, 16 Agosti

Niandike tu.

Tulikuwa tunacheka. Ananionyesha kovu la mafuta ya moto, nimemshika mkono nilitazame. Akauliza, mama, bwana wako mtu wa wapi? Nikasema, ni mtu wako huyo, wa Masoko kule Tukuyu, Anania Mwasomola. Na mama yake, jina lake Alinanuswe, yupo kwetu sasa hivi, miguu inamsumbua.

Akainuka hata kiti kikaanguka. Akajifunika uso kwa aproni, akakimbilia jikoni. Nikadhani kashikwa na ugonjwa, nikamfuata. Akapiga kelele: "Usije! Mkamwana, usije huku!"

Mkamwana! Nikaganda pale pale.

Yaliyobaki nimeyasikia kwa nyuma ya pazia. Ndiye baba yake Anania, yule aliyesemwa alifia Katanga. Habari ilifika kijijini kwamba mgodi umemfukia, Anania akiwa mdogo bado. Wakakaa matanga, wakanyoa nywele, mke akarithiwa na Jailos, wamezaa. Na yeye mgodini hakuwahi kuingia! Yote haya aliyasikia mwaka jana stendi hapa Mbeya, kutoka kwa mtu wa kwao asiyemjua, wakingoja basi la Tukuyu. Basi likaja. Hakupanda.

"Mdogo wangu hakufanya kosa," anasema. "Nikitokea mimi, nani atoke ndani ya nyumba?" Ameniomba nisimwambie mtu. Na nisije tena.

Miaka yote kwa Wafaransa, divai, siagi, jibini — na mwiko huo mmoja hakuusahau!

Jumatatu, 18 Agosti

Nimekula kijiko kimoja na baba mkwe. Nimemshika mkono. Najiona mchafu, halafu najichukia kwa kujiona mchafu. Mila yenyewe si yangu!

Anania yuko hapo mbele yangu anasoma habari za reli. Ningemwambia. Baba yako yu hai, ana mabega kama yako, ila yake yanacheka. Sikusema. Mama mkwe amesema ugali una mabuje.

Alhamisi, 21 Agosti

Nimepita kule mchana. Roza akanizuia mlangoni, akanipa sahani imefunikwa kitambaa. "Dada, mzee kasema ule hapa nje." Hapa nje! Kama mbwa! Nikamrudishia. Nilikuwa na mahali pamoja tu mji huu mzima, wamenitoa na hapo.

Jumamosi, 23 Agosti

Leo sikwenda kazini. Asubuhi mama mkwe alikuwa uani na jirani. Akasema, mkamwana wangu huyu wa Iringa, adabu haikumwingia, labda huko kwao hawana. Nilikuwa naanika nguo. Alijua nasikia.

Nikamwambia, mama, vaa, nikupeleke mjini ule chakula kizuri. Si huruma iliyonituma, ni hasira. Nilichoka kuibeba siri ile peke yangu. Anania bado amelala, tukachukua teksi.

Pazia lilikuwa limefungwa. Mama akanung'unikia kitambaa cha meza, akanung'unikia supu, vitunguu vitupu ni chakula cha mgonjwa gani? Mimi jasho linanitoka na baridi ile. Mara mzee akasema na Roza kule jikoni: "Wapelekee samaki wangali moto." Basi, hayo tu.

Mama akaweka kijiko chini. Akatazama pazia muda mrefu. Kisha akasema polepole, kwa Kinyakyusa, ile salamu ya kila siku: "Ugonile."

Sufuria inatokota.

"Ndaga," ikajibu sauti. Ilikuwa imepasuka.

Nikangoja kelele. Nilitaka kelele! Nilitaka alie, aone aibu, anitazame mimi hata mara moja aseme, mwanangu, wewe ndiye uliyempata. Akavua kilemba chake, akakifunga upya vizuri, kama msichana. Halafu akanigeukia. Hakuwa na ukali wowote, na hilo ndilo limeniuma kuliko yote. "Mkamwana, toka nje. Hawezi kutokea ukiwa hapa."

Nikatoka. Nyuma yangu nikasikia pazia likivutwa. Nilisimama ukutani kwa duka la baiskeli, nasikia sauti mbili, Kinyakyusa cha haraka, sikushika neno. Nikasikia mama anacheka. Sikujua kama anaweza. Nikarudi Ilomba kwa miguu.

Sasa saa kumi. Hajarudi. Anania ameshusha gazeti, leo ananitazama usoni. Mama yuko wapi? Nimesema nimemwacha hotelini mjini. Umemwacha peke yake? Nikasema hayuko peke yake. Yuko na nani? Nikasema, nenda ukaone.

Anatafuta viatu. Anafoka kwamba hoteli hiyo haijui, nitangulie nimwonyeshe. Haya. Nitamfikisha mpaka kwenye duka la baiskeli. Kutoka pale aende mwenyewe. Kwa baba mkwe siingii, nina adabu.