Baba Ameimba Wimbo Wako Mlangoni

Kasulu, Januari 2015

Mama yangu uliyelala Kibondo,

Kuna jambo sijamwambia mtu yeyote. Mimi ndiye niliyemfundisha Baba kuimba. Mimi, ambaye ulikuwa unanisogezea sikio hadi mdomoni ili usikie ninachoomba. Baba anajua, bila shaka, lakini hata sisi wawili hatujawahi kulizungumza waziwazi.

Unakumbuka siku yangu ya kwanza ya darasa la kwanza? Tulitoka nyumbani umenishika mkono, ukungu umefunika barabara yote. Tulipofika shuleni ukaniacha uwanjani na wenzangu, ukaenda kusimama mlangoni. Zamu yangu ilipofika ukanipa mkono kama mgeni. "Karibu, Neema," ulisema. Nikakuuliza kwa nini unanisalimia tena wakati tumeamka nyumba moja. Ukainama, ukaninong'oneza: "Hapa mlangoni mimi ni mwalimu wako. Mama yako nitakurudishia saa saba." Saa saba ukanirudishia kweli, akiwa na njaa na chaki kwenye kilemba.

Ulinipa mkono huo kila asubuhi hadi nikamaliza la saba. Mpaka leo watu wa hapa hawajazoea kwamba mwalimu akipokea watoto la kwanza anapanda nao hadi mwisho. Jina la Waldorf, mfumo huo wa kufundisha uliouleta kutoka kwenye mafunzo Dar es Salaam, linawashinda kutamka. Wanasema shule ya nyimbo, au shule isiyo na fimbo.

Na fimbo ilikuwa nyumbani kwako. Sikuwahi kuona watu wawili wanaofanya kazi moja kwa namna mbili kama ninyi. Baba kule shule ya msingi ya serikali, na jina lake la Mkaratusi walilompa wanafunzi kwa sababu fimbo zake alizikata kwenye mikaratusi ya uwanjani. Wewe huku na filimbi. Jioni ulimpakulia ugali wa muhogo ukimuuliza, "Leo umechapa wangapi?" Naye bila kuinua macho anakujibu, "Wewe leo umeimba ngapi?" Mlicheka wote wawili. Mimi sikujua kama ni utani au ugomvi, nikawa nahesabu maharage kwenye sahani yangu.

Ulipokwenda ulituachia ahadi moja isiyo na mwenyewe. Ulikuwa umewaambia mama wa watoto wa chekechea kwamba wakifika la kwanza utapanda nao. Mwalimu Eveta, mkuu wa shule, alitafuta mtu kila mahali. Waliokuja walifurahi mpaka waliposikia habari ya kukaa miaka saba na watoto walewale, basi hawakurudi. Bila mwalimu, darasa la kwanza lisingefunguliwa mwaka huu.

Ndipo Baba, aliyekuwa amestaafu juzijuzi tu, akavaa koti lake la harusi akaenda kwa Mwalimu Eveta. Hakuniambia anakokwenda.

Wazazi walipoambiwa kwenye kikao kwamba Baba ndiye atakayelipokea darasa lako, mimi nilikuwa nagawa chai. Nilitamani birika linimeze. Mama Mwajuma, yule wa duka la vitenge, alisimama na kanga yake begani. Alisema watoto wake wakubwa wawili walifundishwa na Mkaratusi, na walikuwa wakilia hata Jumapili kwa kuikumbuka Jumatatu. Watu wakacheka, yeye hakucheka. "Siku ya kufungua nitamleta binti yangu," alisema. "Akilia mlangoni, narudi naye nyumbani." Wengine wakaitikia kwamba na wao wataangalia kwake. Baba alikaa mikono juu ya magoti, kama mwanafunzi aliyeitwa ofisini.

Siku chache baadaye tulikuwa tunapalilia maharage. Nilikuwa mstari wa mbele, peke yangu na mawazo yangu, nikaanza kuimba wimbo wako wa asubuhi: jua limepanda mlima, limenikuta nimeamka. Ghafla nikasikia nyuma yangu sauti nzito ikirudia. Mama, Baba anaimba kama anayeita majina ya wanafunzi. Nilitaka kukimbia. Sijui kwa nini sikukimbia. Niliendelea kupalilia bila kugeuka, nikaurudia mstari polepole zaidi, naye akaurudia. Tulifika mwisho wa shamba hivyo.

Ikawa hivyo kila tukienda shambani. Mimi mbele, yeye nyuma, hakuna anayemtazama mwenzake. Katika siku zote hizo alinisemesha mara moja tu kuhusu jambo hilo. Alisema, "Rudia hapo kwenye mlima." Hapo kwenye mlima ndipo sauti inapopanda, na Baba kila mara alibaki chini bondeni.

Siku ya kufungua shule walifanya kama ulivyowazoesha. Hakuna hotuba ya kumtambulisha mwalimu mpya. Anasimama mlangoni, mtoto anaitwa jina lake, anamwacha mama yake na kuvuka uwanja peke yake, anapewa mkono, anaingia. Wazazi walisimama pembeni. Mimi nilikuwa dirishani, kwa nje, mahali pa kujificha pazuri kuliko pote.

Mwalimu Eveta alianza na Mwajuma. Mtoto alivuka uwanja taratibu, viatu vipya, soksi hadi magotini. Alipofika mbele ya Baba hakunyoosha mkono wa kusalimia. Alivitandaza viganja vyake vyote viwili, vikiangalia juu, akafumba macho. Kaka zake walikuwa wamemfundisha namna ya kusimama mbele ya Mkaratusi.

Nilimwona Mama Mwajuma ameshaanza kuvuka uwanja.

Baba alivitazama vile viganja muda mrefu. Kisha akapiga magoti palepale kwenye udongo mwekundu, na suruali yake iliyopigwa pasi, akatandaza viganja vyake kando ya vile vidogo.

"Mwajuma," alisema, "leo mwalimu ndiye aliyechelewa. Nichape wewe."

Mtoto akafumbua jicho moja. "Ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa najifunza wimbo."

Mama Mwajuma alikuwa amesimama katikati ya uwanja. Alijishika kiuno, akasema, "Mchape, mwanangu. Mchape na za kaka zako."

Uwanja mzima ukacheka. Mwajuma akamgusa Baba kiganjani, paa, kidogo tu, naye Baba akaufunga mkono wake juu ya ule wa mtoto. "Karibu, Mwajuma." Baada ya hapo kila mtoto alitaka kumchapa kabla ya kusalimiwa, na Baba hakuinuka mpaka wa mwisho alipoingia.

Kisha akasimama mlangoni akaanza wimbo. Jua limepanda. Akakwama. Palepale kwenye mlima, Mama. Alinitafuta kwa macho mpaka akaniona dirishani. Mbele ya watu wote wale nisingeweza kutoa sauti hata ungenifufukia. Nikafanya kitu kimoja nilichoweza. Niligeuka nikampa mgongo, kama shambani.

Akapanda. Sauti ilikatika kidogo huko juu, lakini alifika.

Waliokuwa karibu walidhani nimegeuka ili kulia, na kwa kweli nililia pia. Mwalimu Eveta alijifuta macho akawaambia wazazi, "Marehemu alimfundisha kabla ya kuondoka. Aliitimiza ahadi yake." Wanawake wakaitikia kwa masikitiko matamu. Baba akanitazama, akafungua mdomo. Nikatikisa kichwa. Akaufunga.

Sasa ananyoa ndevu huku anaimba. Mwajuma anamchapa kiganja kila asubuhi, anamwambia amechelewa hata akiwa amewahi. Mimi nasubiri matokeo ya kidato cha nne na kupalilia yale maharage. Nyumba bado ni kubwa bila wewe, lakini asubuhi haiko kimya tena.

Nakuomba, Mama, usimwambie mtu. Waache waamini ni wewe uliyemfundisha. Wimbo ni wako, nami niliutoa kwako, mlangoni, mkono wangu ukiwa ndani ya wako. Ibaki siri yetu sisi watatu.

Binti yako, yule wa kunong'ona