Kwenye Boksi Ungeandika "Viatu"

Shangazi,

Shikamoo. Mimi mzima, mtihani wa hesabu umepita salama, na dawa zimefika. Lakini shangazi, kwa nini uliandika juu ya boksi, kwa wino mwekundu, "DAWA ZA KIFAFA"? Eti zisipotee! Mlinzi wa hosteli aliliinua bwaloni, watu wakila, akasoma kwa sauti jina langu na la ugonjwa. Siri niliyoitunza tangu mwaka wa kwanza iliisha kabla sijameza tonge. Sasa mwenzangu wa chumba amehamia kwa rafiki yake, na nikidondosha kijiko tu, wanakuja mbio kunishika.

Najua unanipenda, ila umenikera. Safari ijayo andika "viatu". Majirani wakiniulizia, waambie anasoma. Mengine nitayasema mwenyewe, nikitaka.

Mtoto wa kaka yako