Toleo la Pili, Basi

Jumatatu, 8 Juni 1998
Nimenakili diski mpaka vidole vinauma. Kompyuta mbili ziko hapa dukani, moja itaenda kituo cha chai cha Nyaramba, nyingine cha Kiogoro. Programu ya kupimia majani ya chai ya wakulima ni yangu, kila mstari. Jumapili kamati ya chama cha wakulima itaingiza vipimo vilevile katika zote mbili. Majibu yakitofautiana, wao wanarudi kwenye kalamu na mimi narudi kuchuma chai. Sina wasiwasi. Najua nilichotengeneza.

Alhamisi, 11 Juni
Nilesh, mpwa wa mwenye duka, amerudi kutoka Nairobi na diski mpya ya kuwekea programu. Toleo la tatu. Nimemkatalia. Programu yangu ni vipande, na diski ya kuwekea ndiyo huchagua vipande gani vikae pamoja. Toleo la pili nalijua. La tatu silijui, na usilolijua ni usiku wa giza. Anasema napenda vitu vizee. Aseme.

Ijumaa, 12 Juni
Nilesh amelitumia la tatu kwenye kompyuta ya Kiogoro bila kuniambia! Nimepima gunia moja la Tata, baba yangu, kwenye zote mbili. Ya Nyaramba inahesabu nusu kilo. Ya Kiogoro inaitupa. Jasho la Tata, limetupwa hivihivi.

Nimemwita Nilesh mjinga mbele ya wateja. Sijuti.

Jua likaanza kushuka. Sabato inaingia. Mzee Jayant, mwenye duka, akanisihi, "Moraa, kuja kesho asubuhi tu, kazi kidogo." Nimekataa. Nimezima kompyuta ikiwa bado imeharibika. Naogopa sana.

Jumamosi, 13 Juni
Kanisani. Mahubiri yamenipita. Katikati ya wimbo, wazo: kurudisha toleo la pili hakutoshi. Nilesh ataleta la nne. Programu yenyewe iulize kwanza, inawekwa na toleo gani? Kama si la pili, igome.

Kufikiri nako ni kazi? Nimetubu. Wazo sijalirudisha.

Jumapili, 14 Juni
Nimefika dukani kabla ya Mzee Jayant. Nikafuta ya Kiogoro yote. Nikaandika lile swali mwanzoni. Nikaweka upya, toleo la pili, zote mbili.

Kamati ikaja na viatu vya tope. Nikamwambia Nilesh aweke diski yake mbele yao. Kioo kikaandika: HAPANA. TUMIA TOLEO LA PILI. Mwenyekiti akacheka mpaka akashika meza.

"Sasa mpya ina ubaya gani?" akauliza.

Nikamjibu kwamba huenda haina ubaya. Lakini akitaka shamba la chai ya aina moja, huchukua miche ya mti mmoja, hachanganyi. Akaitikia kwa kichwa. Huyo ni mkulima, hakuhitaji zaidi.

Wakaingiza vipimo. Karatasi mbili zikatoka. Wakaziweka moja juu ya nyingine dirishani, mwanga ukapita. Kila nusu kilo mahali pake. Nimejivuna. Nimejivuna hadharani, na kiburi hiki sitakitubu.

Jumatatu, 15 Juni
Mvua tangu saa nane. Nilesh ameleta chai, akaomba nimfundishe lile swali. Nimemfundisha. Ana akili, ana haraka tu.

Jioni nimemkuta Tata akifunga gunia la kesho. Akauliza kama mashine bado inakumbuka nusu kilo yake.

Nikamwambia inakumbuka. Akaendelea kufunga.