Maksai Asiyeuzika

Kwako Kaka,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na wifi na watoto. Huku hatujambo, ila macho ya Baba yanazidi kuingia ukungu, na mimi kichwa kinaniuma kwa ajili ya ng'ombe.

Umeniandikia kwamba umesikia bei nzuri redioni, halafu ukauliza imekuwaje maksai wetu wakaenda kwa nusu yake. Kaka, bei ya redioni ni ya ng'ombe aliyenona, aliyeshushwa kwenye lori mlangoni mwa machinjio. Wa kwetu walikwenda mnadani kwa miguu, nyama wakaiacha njiani. Mizani ya mnada ni mbovu tangu masika, kwa hiyo mnunuzi anapima kwa macho, na macho ya mnunuzi hayajawahi kuona kilo nyingi. Majani yamekauka, kila mtu kaleta mifugo yake siku ileile, na madalali walikwisha kupatana chini ya turubai nani anunue kwa nani. Mmoja alimfunua mdomo yule mwekundu, akasema meno yamekwisha. Mwingine akaonyesha kovu la chapa, akasema ngozi haifai. Nilibishana mpaka sauti ikakauka, nikawauza. Ningewarudisha, wangezidi kukonda.

Aliyebaki ni Bwana Mkubwa, yule mweupe ambaye Mama, kabla hajatutoka, alimlea kwa maziwa ya chupa. Huyo ndiye tuliyemtegemea akamilishe gharama za operesheni ya Baba. Kila mnunuzi aliyekuja nyumbani alimsifu jioni, asubuhi akageuka. Nikadhani ni hila za madalali. Nimewatukana watu bure, Kaka.

Juzi akaja mnunuzi wa machinjio mwenyewe, na bei ya kueleweka. Nilipoingia ndani kumchotea maji, nikamsikia Baba nje ya dirisha akimnong'oneza kwamba ng'ombe yule ana kikohozi cha siku nyingi na sindano hazimsaidii. Kikohozi gani, na mnyama yule hajapata hata mafua? Nilimvuta Baba pembeni kwa hasira, nikamwuliza kama anataka kupofuka. Akasema, "Mwanangu, nikishafunguliwa macho, zizini nitamtazama nani?"

Nikatoka nje. Mnunuzi akaniuliza kama kweli ng'ombe anakohoa.

Nikamwambia, "Usiku kucha."

Kwa hiyo usimlaumu Baba peke yake. Daktari wa macho amempangia wiki ijayo na siku haibadiliki. Kilichopungua utakileta wewe, kwa mkono wako, maana Baba atahitaji mtu wa kumwongoza hospitalini na mimi nimechoka kuongoza kila chenye miguu.

Msalimie sana wifi, na watoto uwapakate kwa niaba yangu. Baba hajui kwamba nimekuandikia haya. Yuko zizini sasa hivi, anamsugua Bwana Mkubwa kwa gunia bichi, anamwambia mambo ambayo mimi na wewe hatujawahi kuambiwa.

Ni mimi mdogo wako,
uliyemwachia zizi